Mashua ya Dereva wa Basi

Ndugu wapiganaji! Wahudumu wa wazee wa Columbia Heights, Frogtown na Brooklyn Center, hapa Minnesota, ninyi mnaoamka kabla ya jua kuwainua kitandani watu ambao dunia imeshawapa kisogo! Mwezi Mei tulikubaliana kwamba kila mmoja wa kamati yetu ya wahudumu ataandika shajara ya kiangazi hiki na kuisoma mbele ya wenzake bila kufuta neno. Hii ni yangu mimi, Kendi, mwanafunzi wa historia na mhudumu wa muda katika nyumba ya wazee iliyo nyuma ya Central Avenue. Kurasa za Julai zinaniaibisha. Nitazisoma hata hivyo.

8 Juni, Jumatatu

Nimepangiwa upande wa mashariki pamoja na Emérance, mama wa Bukavu aliyefika hapa na watoto wanne baada ya miaka kumi na mmoja kambini. Ananiita petite, yaani kadogo, kwa sababu, asema, nina maneno makubwa na mikono midogo.

Chumba cha kumi na nne anakaa Bibi Fumie Halvorson, mwenye umri wa miaka tisini na mitatu. Alizaliwa Nagasaki, bandari ya magharibi ya Japani, akaolewa na askari wa Minnesota na kuja naye huku mwaka 1955. Mume alifariki zamani. Mwanawe wa pekee, Roy, amefariki Februari hii. Nilipomwambia kwa Kijapani changu cha kubabaisha kwamba nilisoma Nagasaki mwaka mzima hadi Agosti iliyopita, aliweka kijiko chini.

“Ulipanga wapi?”

“Juu mlimani. Ngazi mia moja na themanini kutoka kituo cha tramu.”

Akanitazama miguu. “Basi una magoti ya kwetu.”

10 Juni

Joto. Hakuna la kuandika.

13 Juni, Jumamosi

Tangu nirudi Agosti iliyopita nimeuficha upendo wangu kwa mji ule kama msichana anayeficha mchumba asiyekubalika nyumbani. Mtu aliyesimama majukwaani akilaani dola na mabepari anawezaje kukiri kwamba analilia mji unaouzwa kwa kadi za posta? Lakini naulilia. Nalilia honi za meli zilizopanda mlimani asubuhi na kuingia jikoni bila kubisha hodi. Nalilia tramu zilizopita zikiyumba na kugonga kengele yao ndogo, na paka wenye mikia iliyopinda kama ndoano, ambao wenyeji husema walishuka kutoka merikebu za kale. Nalilia ile keki ya mayai waliyoileta Wareno, yenye chenga za sukari chini, ambayo mwenye nyumba wangu alinikatia kipande kila nilipomaliza sentensi bila kosa. Nalilia bakuli la tambi, kabichi na kamba wa baharini, chakula kilichobuniwa na mpishi Mchina ili wanafunzi wa kwao wasilale njaa. Mholanzi alifungiwa kisiwani pale pale bandarini, Wakristo walisali kwa siri pale vizazi na vizazi, na bado mji haujui kusema “sisi” bila kumjumuisha mgeni.

Haya yote nilimwambia Bibi Fumie nikimchana nywele.

“Mlima Inasa ulipanda?”

“Kwa gari la kamba.”

“Mvivu. Sisi tulipanda kwa miguu, na viazi vitamu mgongoni.”

20 Juni

Tumewapeleka wazee watano Saint Paul, kwenye bustani ya Kijapani ya Como iliyosanifiwa na fundi wa Nagasaki, kwa kuwa miji hii miwili ina udugu wa tangu miaka ya hamsini. Bibi Fumie alikagua mawe, maji na misonobari kama mama mkwe anayekagua jiko la mke wa mwanawe.

“Yoka,” alisema hatimaye, neno la kwao la kusema ni vizuri. Kisha akatazama mbali, nje ya bustani. “Lakini mji huu umelala chali. Hakuna mlima. Miaka sabini sijawahi kumwona mtu akinishukia kutoka juu.”

27 Juni, Jumamosi

Leo Bibi Fumie ameniomba kitu, na tangu aniombe sijakaa nikatulia.

Nagasaki, tarehe kumi na tano Agosti, kila jamaa iliyofiwa ndani ya mwaka huo hujenga mashua kwa mbao na mianzi. Huitundika taa za karatasi na picha ya marehemu, kisha huivuta barabarani kuelekea bandarini huku fataki zikilipuka miguuni mwa wavutaji, kwa kuwa mlio ndio unaosafisha njia. Makelele ni makubwa hata watazamaji huja wameziba masikio kwa vizibo. Kila mashua hufanana na mwenyewe. Mwaka jana niliona ya kinyozi ina nguzo yenye mistari myekundu na myeupe, na ya mwalimu wa muziki ina piano ya mbao kwenye omo, mbele kabisa. Mwisho wa njia haiachwi ielee. Huvunjwa pale pale. Nilisimama nikiangalia mashine ya chuma ikizitafuna mashua zile moja baada ya nyingine, na nikalia mbele ya umati.

“Roy hana mtu mwingine wa kumtengenezea,” alisema Bibi Fumie. “Mwaka wa kwanza hauji mara ya pili. Na mimi sitakuwapo kumi na tano Agosti nyingine.”

Nilimwahidi. Niliapa, kusema kweli, nikiwa nimenyanyua ngumi. Emérance alikuwa anakunja mashuka.

“Petite,” alisema, “ngumi ya nini? Sema tu ndiyo.”

29 Juni

Barua kwa mkurugenzi wetu, Velma. Kurasa nne. Nimelitaja kila taifa lililowahi kumdhulumu mzee.

1 Julai, Jumatano

Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana, ving'ora vya tufani hujaribiwa eneo zima. Bibi Fumie huweka kijiko chini mpaka vinyamaze. Emérance husimama wima akishika fremu ya mlango. Hawajawahi kulizungumzia jambo hilo. Nililiandika mimi katika barua ya pili.

Velma ameniita ofisini. Ni mwanamke mrefu, wa polepole, anayezungumza kama anayepima dawa. Hakuna fataki katika eneo lake, alisema, kwa sheria ya jimbo na kwa moyo wa Bibi Fumie. Safari ya nje nayo hapana, katika joto hili.

“Mwenyewe amesema nini?” aliuliza.

Nilimjibu kwa hotuba kuhusu haki ya kuomboleza. Nilitoka nikimwita, moyoni, jemadari wa makaratasi.

4 Julai

Sikukuu ya taifa. Tangu adhuhuri majirani wanalipua fataki walizovuka mto kuzinunua Wisconsin. Nilimkuta Emérance chumba cha kufulia, amekaa sakafuni nyuma ya mashine, shuka kichwani.

“Niache hapa. Mashine inapiga kelele yake, ile ingine minaisikia kidogo tu.”

Nilikaa naye hadi mwisho wa mzunguko wa kukausha. Sikumwambia kwamba mashua nitakayoijenga inahitaji fataki mia tatu.

7 Julai

Mjomba Muriuki, kaka yake mama, amenipa gereji yake ya Brooklyn Center. Nimepata fremu ya kitanda cha hospitali kilichotupwa, chenye magurudumu manne mazima. Mashua za Nagasaki siku hizi nazo huenda kwa magurudumu.

“Na hizi baruti utazilipulia wapi, wewe mtoto wa Lois?” aliuliza mjomba.

“Shambani kwako. Ng'ambo ya mto.”

“Shambani kwangu kuna mbuzi, Kendi. Watatu wana mimba.”

“Utaomba kibali.”

“Nita-apply. Lakini wakizaa siku hiyo kwa mshtuko, vitoto vyote naviita Kendi. Utasikia nikikuita unyonye.”

11 Julai

Mvua. Shifti mbili.

15 Julai

Barua ya tano. Velma hajibu. Nimepaka mashua rangi nyeupe tupu na kuchora njiwa wa amani ubavuni. Ni nzuri mno. Inafaa kuongoza maandamano.

19 Julai, Jumapili

Ndugu, sasa sikilizeni aibu yangu. Nilisema ukuta wa Velma hautabomoka kwa barua. Utabomoka kwa umma. Tarehe tisa Agosti ni kumbukumbu ya bomu la Nagasaki. Nikapanga mkutano wa hadhara kwenye bustani ya Como, nikaalika kikundi cha amani, nikachapa vipeperushi mia moja vyenye picha ya Bibi Fumie niliyompiga pale pale. Juu ya uso wake niliandika: ALIYENUSURIKA BOMU ANANYIMWA KUMWOMBOLEZA MWANAWE. Nilivisambaza makanisani na madukani University Avenue yote. Ninyi mlinishangilia. Nami nilijishangilia.

22 Julai, Jumatano

Mgeni wa mzee wa chumba jirani alikuja na kipeperushi mkononi na kumwomba Bibi Fumie asaini.

Nilipoingia chumba cha kumi na nne saa nne asubuhi alikuwa amekiweka mapajani, amekikunja mara mbili, uso wake ukiwa ndani.

“Nimekuambia lini habari za siku ile?”

“Hujaniambia, Bibi. Lakini nilijua kwamba...”

“Uliniuliza?”

Nikaanza kueleza. Nilisema ushuhuda ni silaha ya wanyonge. Nilisema dunia inasahau. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba uso wake si mali yake peke yake, ni mali ya historia. Alinisubiri nimalize, kwa adabu ile ile anayovisubiria ving'ora.

“Nilikaa kule miaka ishirini na miwili,” alisema. “Nilikupa tramu. Nikakupa viazi vya Inasa, sherehe za Oktoba na nyangumi wa kuigiza anayewamwagia watu maji, nikakupa kaka yangu akirusha kishada mpaka kikakatika kikaangukia meli ya Wachina. Katika miaka ishirini na miwili, wewe umechukua siku moja.”

Akanisukumia kipeperushi kilichokunjwa.

“Sitaki mashua. Roy si bango. Mwite Emérance anioshe. Wewe usije.”

Nilisimama barabarani nje ya mlango wa jikoni, joto likinipanda kutoka kwenye lami. Emérance alitoka baada ya nusu saa na beseni tupu.

“Ameniambia yote,” alisema. “Na mimi nikuambie yangu. Kanisani wananiuliza vita. Ofisini, vita. Ata daktari wa meno, mdomo wangu wazi, ananiuliza vita! Miaka sita niko hapa. Hakuna mtu ameniuliza mama yangu alikuwa anauza nini.”

“Alikuwa anauza nini?”

“Sambaza. Wale samaki wadogo wa ziwani. Anakaanga pale boti zinafika, watu wanashuka wananunua na pilipili kabla hata ya kusalimia jamaa yao.” Akageuza beseni, maji ya mwisho yakadondoka. “Unaona? Mpaka nimekusukuma njo umeuliza.”

23 Julai

Nimezunguka kwa mabasi siku nzima nikivibandua. Tisini na moja kati ya mia. Vilivyobaki sijui viko wapi.

25 Julai

Nimeufuta mkutano. Mmoja wenu aliniita mwoga, mwingine akaniita kibaraka wa menejimenti. Maneno hayo niliwafundisha mimi.

27 Julai, Jumatatu

Daktari amekuja. Moyo wa Bibi Fumie unajaa maji, miguu imevimba. Anazungumzia wiki, si miezi. Zimebaki siku kumi na tisa, na mashua nyeupe imesimama gereji bila mwenyewe.

28 Julai

Nilibisha mlango wa kumi na nne. Niliinama kama nilivyofundishwa kule, chini kabisa, nikasema samahani na nikakoma hapo. Kukoma hapo kulinigharimu kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa. Kisha nikamuuliza swali ambalo miezi miwili halikunijia kichwani.

“Roy alikuwa mtu wa namna gani?”

Alianza kusema saa tisa, akanyamaza chakula cha jioni kilipoletwa. Roy alikuwa dereva wa basi, miaka thelathini na moja, akipanda na kushuka Central Avenue. Wakati wa barafu aliwangoja watu waliokimbia wakiteleza, akachelewa, akakaripiwa, kesho yake akangoja tena. Alipiga mluzi asiojua kuupiga. Alipelekwa Nagasaki mara moja, akiwa na miaka kumi na miwili, alitazama ngazi za mlimani akasema, “Mama, hapa basi lingejiua.”

“Na zile tambi zetu,” alisema Bibi Fumie, “alizitilia kechapu. Siku ile nilitaka kumkana mbele ya ukoo.”

Tukacheka mpaka akakohoa. Nilimwinulia mito. Nilipofika mlangoni aliniita.

“Ile mashua. Ina rangi gani?”

“Nyeupe. Ina njiwa.”

“Njiwa!” Alifumba macho kama mtu aliyeonjeshwa kitu kibaya. “Roy aliwafukuza njiwa kituoni kwa kandambili.”

30 Julai, Alhamisi

Omo sasa ni uso wa basi: kioo, taa mbili, namba ya njia juu. Njiwa wamekwisha.

Saa nane mchana Bibi Fumie aliniambia nimsukume kwa kiti cha magurudumu hadi ofisini kwa Velma, kisha nibaki nje. Niseme kweli: nilibaki nje, ila mlango ulikuwa wazi.

“Mwanangu,” alimwambia Velma kwa Kiingereza chake kifupi. “Siku moja. Naomba.”

Velma alivua miwani. “Fumie, moyo wako unaweza kusimama ndani ya gari.”

“Ndiyo. Unaweza pia kusimama kwenye uji.”

Nilisikia kalamu ikitia saini. Velma alipotoka kunirudishia kiti alinikabidhi pia barua zangu tano zilizofungwa kwa mpira.

“Hizi zote ni zako,” alisema, bila ukali. “Nilikuwa nangoja yake.”

5 Agosti

Ving'ora. Tumeweka vijiko chini sote watatu.

9 Agosti, Jumapili

Sikumuuliza lolote. Nilimchana nywele. Aliomba dirisha lifunguliwe, akataja majina sita kwa sauti ndogo, nami siyaandiki hapa.

12 Agosti, Jumatano

Kibali cha mjomba kimetoka. Ikabidi nimwambie Emérance kuhusu fataki. Nilimwambia asije, kwamba hakuna atakayemlaumu, kwamba mashua itavutwa na wengine.

Alifikiri huku akipanga soksi.

“Lazima zipigwe?”

“Bibi anasema njia haisafiki bila mlio.”

“Nani atawasha?”

“Mimi.”

“Hapana. Nipe kiberiti mimi.” Akakunja jozi ya mwisho. “Miaka yote ile sikuwahi kujua itapasuka saa ngapi. Nikiwasha mimi, nitajua.”

15 Agosti, Jumamosi

Tulivuka mto saa kumi alasiri, mashua nyuma ya pikapu ya mjomba, Bibi Fumie ndani ya gari la Velma. Ndiyo, ndugu: Velma, siku yake ya mapumziko, na mashine ya kupimia presha mapajani, akiendesha taratibu mpaka malori yakatupigia honi.

Shamba lina kijilima. Si mlima, lakini njia inashuka kutoka kwenye banda hadi kwenye bwawa la mbuzi, na Bibi Fumie alipoona hivyo aliketi wima. Tuliwasha taa za karatasi mchana kweupe. Tuliweka picha ya Roy nyuma ya kioo cha basi, akiwa na kofia ya kazi. Mama yangu na wanawake sita wa kwaya yake walishika kamba. Kila mmoja aliziba masikio.

Emérance alipiga msalaba, akawasha utambi wa kwanza, akarudi nyuma hatua tatu akihesabu kwa Kifaransa. Ulipolipuka alitikisika mwili mzima. Wa pili alitikisika mabega tu. Wa tano alimfokea mjomba, “Papa Muriuki, sogea, unanikalia njia!” na mbuzi wote wakakimbilia kona ya mbali wakilia, na mjomba akawafuata akiwabembeleza kwa Kimeru.

“Doo-doi!” aliita Bibi Fumie. Ndiyo wito wa wavutaji wa kule. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini tuliifuata. “Doo-doi!” tulijibu, Wakenya na Wakongo na Velma, moshi ukitufunika hadi magotini, basi la Roy likitushukia kutoka juu na kupita mbele ya mama yake. Alilisindikiza kwa macho. Alipungia mkono mara moja, kama wanavyofanya watu kituoni wakimtambua dereva.

Tulifika bwawani. Moshi ukapanda. Bibi Fumie akatoa picha ya Roy, akaiweka kifuani.

“Sasa ivunjeni.”

Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimeijenga wiki sita. Nilijua kila msumari. Nikaanza kutoa hoja: kwamba tungeweza kuihifadhi, kwamba kuna makumbusho, kwamba vizazi vijavyo...

“Kendi,” alisema. “Nyundo.”

Nikaichukua. Pigo la kwanza lilikuwa hafifu, likarudi mkononi. La pili lilipasua kioo. Kisha Emérance akaja na shoka la mjomba, tukafanya kazi bila kusema, ubao kwa ubao, mpaka ikabaki fremu ya kitanda na magurudumu yake. Nililia, lakini mikono ilijua la kufanya. Bibi Fumie hakugeuza uso hata kidogo. Ubao wa mwisho ulipoanguka alishusha pumzi ndefu, na Velma akamshika kifundo cha mkono, kidogo tu, akipima.

“Shifti yake imekwisha,” alisema Bibi Fumie. “Nirudisheni, nina njaa.”

17 Agosti, Jumatatu

Amekula nusu bakuli la tambi. Ameomba kechapu.

Ndugu zangu, mkutano ujao ni Jumamosi tarehe ishirini na tisa Agosti, saa tisa alasiri, katika sebule ya upande wa mashariki, Velma ameturuhusu. Msilete mabango. Emérance atazungumza, na ajenda ataipanga yeye. Bibi Fumie, akijaliwa, atakaa mbele. Mimi nitafika saa nane kupanga viti.